Albamu ya kwanza ya Duma, kwa masikio ya fundi

Agosti 2020, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya metali kali ya vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na uprodyuza. Khanja alitokea bendi ya Lust of a Dying Breed, Karugu alitokea Seeds of Datura. Waliungana 2019, wakashinda studio ya lebo hiyo Kampala kwa miezi mitatu katikati ya mwaka huo, wakatoka na nyimbo tisa. Bendi na albamu vinatumia jina moja, Duma, yaani giza kwa Kikuyu. Usimtafute yule mnyama mwenye mbio, ingawa mbio zimo.

Swali la kwanza la wengi wakiisikia ni: wanaimba nini? Swali ni halali, ila halikufikishi mbali, kwa sababu maneno mengi hayashikiki hata ukivaa hedifoni za bei. Kinachomfanya msikilizaji aangalie mlango ni namna sauti zilivyofungwa: kasi ya ngoma, gitaa lililosagwa hadi halitambuliki, koo linalotoa mlio ambao mwili umezoea kuuchukua kama dalili ya hatari. Mwiko umejengwa humo, na ndiyo maana wanaoiga metali kali kwa kuanza na misalaba iliyopinduliwa huishia kutoa kitu cha kuchekesha.

Tuseme kwanza miiko yenyewe, maana kwetu si ya mapambo. Wimbo mmoja unaitwa "Pembe 666". Aliyesoma Ufunuo sura ya 13 anajua pembe na hesabu hiyo vinakaa pamoja kwenye yule mnyama. Ulaya namba hiyo imeshakuwa nembo ya fulana. Kenya, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, akamkabidhi Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ikatolewa hadharani 1999. Kizazi kilichoanzisha bendi za metali Nairobi kimekulia ndani ya hofu hiyo, na gitaa lenye mkwaruzo lilitosha mtu kuulizwa maswali nyumbani. Wimbo mwingine wa albamu hiyo una jina la Kiingereza linalotaja kujiua waziwazi. Albamu ilipotoka, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kilikuwa bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Kwa hiyo neno ambalo bendi ya Ulaya ingelitupia kama vitisho vya jukwaani, hapa lilikuwa na polisi nyuma yake. Hata jukwaa la lebo yenyewe halikuwa salama: Septemba 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, aliamuru tamasha la Nyege Nyege karibu na Jinja lisifanyike, kisha amri ikalegezwa na watu wakacheza.

Kifo na uozo, kwa upande mwingine, havihitaji visa ya kuingia kwenye Kiswahili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inawaonyesha matajiri wa Pate kaburini, wadudu wakiwatoboa, usaha na damu vikiwashuka puani na vinywani, na majumba yao yamebaki ya popo. Bendi ya Carcass ya Liverpool ilipotoa albamu yake ya kwanza, Reek of Putrefaction, mwaka 1988, ilipekua msamiati wa kitabibu kupata picha za aina hiyo hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba Al-Inkishafi inasomwa kwa utulivu na inamrudisha msomaji kwa Mola, na metali kali inamwacha msikilizaji pale pale penye usaha. Sitaki kuvuta undugu zaidi ya hapo.

Sasa kazi yenyewe, yaani namna ya kutengeneza muziki wa aina hii. Ngoma ndizo zinastahili muda mwingi.

Duma haina mpiga ngoma. Ngoma zimepangwa kwenye kompyuta na hazijisumbui kujifanya mtu. Anayetaka kufika huko aanze na hesabu. Kwenye mapigo 200 kwa dakika, kila pigo kuu lina milisekunde 300. Ligawe mara nne, unapata nafasi za milisekunde 75, yaani vipigo 13 na ushee kwa sekunde. Huo ndio uwanja wa blastibiti: kiki (ngoma kubwa ya mguu) na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) zinapokezana bila kupumua, saimbali ikitembea na kiki. Kwenye kiki za mfululizo, kila nafasi ina kiki yake.

Hapo ndipo wanaotoka kwenye Bongo Flava au amapiano wanapokwama. Wanachukua kiki yao nene, yenye mkia wa milisekunde 300, wanaipanga kwa kasi hiyo. Kabla mkia wa kwanza haujaisha, kiki nyingine tatu zimeshalia na ya nne inagonga. Mita inaonyesha nguvu nyingi chini ya hezi 100, sikio halipati pigo hata moja, ni tope tu. Ikate sampuli ibaki na milisekunde 60 hivi, weka fedi (sauti ififie) ya milisekunde 5 mwishoni ili isitoe mlio wa kukatika. Kumbuka wimbi moja la hezi 50 linachukua milisekunde 20, kwa hiyo ndani ya kiki hiyo yanaingia matatu tu. Uzito hautapatikana kwa kuongeza besi. Kiki ya kasi husikika kwa kichwa chake, ule mlio wa kugonga wa kati ya hezi 2,500 na 5,000. Inua hapo desibeli 4 hadi 6, punguza kati ya hezi 250 na 400 ambako sauti ya boksi hukaa, halafu acha sehemu ya chini ilivyo. Ukiisikiliza kiki hiyo peke yake itakuwa mbaya, kavu kama kidole kwenye meza. Usiirekebishe. Iweke ndani ya wimbo ndipo uhukumu.

Tatizo la pili ni mlio wa bunduki: sampuli moja ya sneya, nguvu moja, mara 13 kwa sekunde. Ukitaka ngoma zifanane na za binadamu, tumia sampuli tatu hadi tano za sneya ile ile zinazopokezana, badilisha nguvu kwa pointi 5 hadi 15 kwenye kipimo cha programu kinachoishia 127, na usogeze vipigo milisekunde 2 hadi 4 huku na huku. Usizidishe hapo, kwa sababu nafasi yenyewe ni milisekunde 75. Ukisogeza 15, mdundo unaanza kuchechemea. Mkono wa kushoto wa mpiga ngoma halisi huchoka na kupiga laini zaidi, kwa hiyo ukishusha nguvu kidogo kidogo kuelekea mwisho wa fungu refu, masikio yanadanganyika vizuri. Duma wameikataa njia hiyo. Umashine wao upo wazi, na nadhani waliamua vyema: ngoma inayojifanya mtu ikishindwa inasikitisha, ngoma inayokiri kuwa mashine inatisha.

Kuna mpaka mwingine wa kuujua. Panda hadi mapigo 300 kwa dakika, ugawe tena mara nne, na unapata vipigo 20 kamili kwa sekunde. Karibu na hapo sikio huanza kuacha kuhesabu vipigo na kuvisikia kama mlio mmoja. Gawa mara nane, ni vipigo 40 kwa sekunde, na noti ya chini kabisa ya gitaa la kawaida la besi, E, ni hezi 41.2. Yaani kiki zenyewe zimegeuka besi. Karugu aliacha besi alipoingia Duma, na ukisikiliza kwa masikio haya, nafasi ya besi haikubaki tupu: vipigo, kelele na milio ya elektroniki vinakalia eneo lake. Unaweza kujaribu ndani ya dakika tano. Weka kiki fupi, panda kutoka mapigo 200 hadi 300, kisha uongeze mgawanyo, na usikilize mahali ambapo mdundo unageuka noti.

Msikilizaji wa Dar es Salaam ana faida hapa kuliko yule wa Berlin. Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, inakimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, na lebo hii hii ndiyo iliyotoa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Aliyezoea kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku kucha, cha Manzese kasi ya Duma haimshtui hata kidogo. Kinachomshtua ni kwamba hakuna mahali pa kucheka. Singeli ina maneno ya utani, kinanda chenye furaha, MC anayemchokoza mtu. Duma imeondoa vyote hivyo ikabakiza mwendo.

Gitaa nitalipitia haraka zaidi, maana mafunzo yake yamejaa mtandaoni, ila makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni nyuzi. Watu wanalegeza gitaa hadi B, hezi 61.7 kwenye uzi mnene, huku wameacha seti ya nyuzi nyembamba ya 9 hadi 42 (unene kwa elfu za inchi). Uzi unalegea, ukiupiga kwa nguvu noti inaruka juu kisha inashuka, na hakuna programu ya kurekebisha hilo. Kwa gitaa la urefu wa kawaida wa inchi 25.5, tafuta seti inayoanzia 12 au 13 na kuishia 60 au 62, kisha upime upya usahihi wa noti kwenye daraja, kwa sababu uzi mnene hubadilisha urefu wake wa kazi. Tundu la nati, kile kipande cha mwisho wa shingo ambako nyuzi hupita, likiwa jembamba, uzi utakwama na kuruka. Lipanue kwa faili ndogo, polepole.

La pili ni mkwaruzo kupita kiasi. Ukiurekodi mara mbili, kushoto na kulia, mikwaruzo inajumlishana. Weka kiasi cha theluthi mbili ya kile unachokipenda ukiwa unapiga peke yako chumbani, na mbele yake weka pedali ya ovadraivu yenye mkwaruzo sifuri na sauti juu, ambayo kazi yake ni kubana besi kabla haijaingia kwenye ampu. Rekodi mara mbili kwa mkono. Ukinakili rekodi moja na kuichelewesha milisekunde 15 ili ipanuke, itapendeza kwenye hedifoni, halafu kwenye simu yenye spika moja pande mbili zitakulana na gitaa litakuwa jembamba, lenye mashimo. Na kwenye kompyuta usisahau kipande kinachoiga spika ya gitaa. Bila hicho, mkwaruzo unatoka kama nyuki kwenye kopo.

La tatu ni mngurumo wa umeme. Afrika Mashariki umeme wetu ni wa hezi 50, na ampu yenye mkwaruzo mkubwa inaukuza mngurumo huo na ndugu zake wa hezi 100 na 150. Kabla ya kukimbilia geti la kukata kelele, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri, zima taa za kupunguza mwanga, zungusha kiti hadi upate pembe ambayo gitaa limenyamaza. Geti liwe la mwisho, lifungue haraka, chini ya milisekunde 1, na lifunge ndani ya milisekunde 50 hadi 100. Likifunga haraka mno, litakata mikia ya noti na kila kishindo kitaonekana kimekatwa kwa mkasi. Kwenye muziki wa aina ya Duma, ambako kelele yenyewe ni chombo, mara nyingine geti halihitajiki kabisa.

Kelele ya kukusudia ina njia rahisi mno: chukua mikisa ndogo, toa waya kwenye tokeo lake na uurudishe kwenye ingizo lake, kisha panda polepole. Mashine itaanza kujiimbia yenyewe, na vitasa vya besi na treble vitakuwa vinanda vyako. Anza na sauti kuu ikiwa sifuri, weka limita (kizuizi cha sauti isipande kupita kiasi) kwenye programu, na usivae hedifoni. Mlio unaweza kuruka desibeli 30 kwa kitasa kusogea milimita moja.

Tuje kwenye koo, ambako ndiko vijana wengi hujiharibu.

Sauti ya Khanja hubadilika badilika: kuna mlio wa juu unaokwaruza, kuna mngurumo wa chini, kuna kelele ambazo hazina jina. Mlio wa juu kwa kawaida hutengenezwa kwa kubana mikunjo ya sauti ili ipitishe hewa kidogo, kama ile sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi anayelalamika. Mngurumo hutumia mikunjo ya juu yake, ile ambayo hatuitumii tukiongea, ambayo hufunga tukinyanyua mzigo mzito. Yote mawili yanahitaji hewa ndogo kuliko mtu anavyodhani. Anayefundisha vizuri huanza na mguno: vuta pumzi hadi mbavu za chini zipanuke, guna taratibu kama aliyebeba gunia, kisha uache hewa ipite juu ya mguno huo bila kuongeza nguvu. Mwanzoni mlio utakuwa mdogo kuliko mazungumzo ya kawaida. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukubwa unaletwa na maiki na kompresa, ile inayobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Koo linaleta umbile tu.

Pasha sauti moto kwa dakika 10 kwa kuvuma midomo na kupanda ngazi laini. Anayeanza asizidishe dakika 20 kwa siku. Maji ya kawaida, madogo madogo, yaanze saa nzima kabla, kwa sababu maji unayokunywa hayagusi mikunjo ya sauti moja kwa moja. Yanafika kupitia mwili. Tangawizi na asali vinatuliza koo la juu, haviponyi mkunjo uliovimba. Kuwasha kidogo na kutaka kukohoa ni ishara ya kupunguza hewa. Maumivu ni ishara ya kuacha siku hiyo. Ukikaa na sauti ya kukwaruza kwa wiki mbili hadi tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie kama kuna vinundu. Na usinong'one ukidhani unalipumzisha koo. Mnong'ono wa nguvu nao unachosha, nyamaza kabisa.

Kuhusu maiki: ile Shure SM58 ya kila ukumbi inatosha. Inasikia mbele kwa sababu ina matundu ya nyuma yanayofuta sauti za nyuma na kupunguza za pembeni. Ukikifunika kichwa chake kwa kiganja, kama wanavyofanya wengi wakitaka kuonekana wakali, unayaziba matundu hayo, maiki inaanza kusikia pande zote, spika zinapiga mluzi, na sauti yako inapata pua nene. Shika mpini. Kurekodi, kaa sentimita 5 hadi 10, acha vilele vifike kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6, na ubane kwa uwiano wa 4 kwa 1 mara mbili mfululizo badala ya mara moja kwa ukali. Tena, rekodi mistari mifupi. Mtu anayenguruma dakika tatu mfululizo anaanza kudanganya dakika ya pili, na sikio linajua.

Maneno basi. Hapa Kiswahili kina zawadi ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo. Silabi zetu nyingi huishia kwa vokali, na mngurumo hubebwa na vokali, hasa a, o na u. I na e hupungukiwa uzito na kufaa zaidi kwenye mlio wa juu. Tena angalia hesabu: vipimo vinne vya muziki wa nne kwa nne vina nafasi 32 za nusu pigo. Ubeti wa utenzi una mistari minne ya mizani nane, jumla 32. Ubeti mzima unaingia bila kubaki wala kupungua, na kwenye mapigo 200 kwa dakika unamalizika ndani ya sekunde 4.8. Shida ni pumzi: silabi 32 bila nafasi ya kuvuta hewa zitakuua kwenye ubeti wa tatu. Acha kibwagizo cha mizani nne badala ya nane, au mpe gitaa mstari wa mwisho. Angalia pia mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiiangusha kwenye sneya dhaifu, neno litasikika la kigeni hata kama ni lugha yako.

Kuhusu mada: jina moja zito kwenye orodha ya nyimbo linatosha. Albamu yenye mashetani tisa kwenye nyimbo tisa inageuka katuni. Mada ikiwa ni kujiua, weka kwenye maelezo ya wimbo mahali msikilizaji anapoweza kupata msaada. Haipunguzi ukali, na kuna mtu atakayeusikiliza akiwa peke yake saa nane usiku.

Miksi. Mfano mzuri wa mambo kwenda kombo ni hao hao Carcass. Walirekodi kwa siku chache Birmingham, ngoma zikaharibiwa studio, miksi ikafanywa kwa haraka, na bendi yenyewe haijawahi kuipenda sauti ya albamu ile. Gitaa na besi vyote vimekaa chini mahali pamoja, kiki imezama. John Peel wa BBC akaitaja kuwa albamu aliyoipenda kuliko zote mwaka ule. Kuna watu wanachukua kisa hiki kama ruhusa ya kurekodi ovyo. Mimi naona bahati ile haina mbinu ya kufundisha. Tope lile lilifaa mada ya maiti. Ukilipeleka kwenye mada nyingine linabaki tope.

Gawa maeneo mapema. Gitaa likatwe chini ya hezi 90 na juu ya hezi 9,000 hivi. Kama una besi, imiliki kati ya 60 na 200. Sauti ipate njia kati ya hezi 1,500 na 4,000, na gitaa lipunguzwe hapo desibeli 2 sauti inapoingia. Sikiliza yote kwenye simu, spika moja, kwa sauti ya chini: simu haitoi karibu chochote chini ya hezi 150, kwa hiyo kama kiki imepotea huko, kichwa chake hukukijenga. Hapo wengi hurudi nyuma na kuongeza besi, na mzunguko wa tope unaanza upya.

Kwenye masta kuna vita ya bure. Spotify hushusha nyimbo hadi kiwango cha hasi 14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) kwa chaguo la kawaida. Ukiibana albamu hadi hasi 6, itashushwa desibeli 8, na ulichopata ni tofauti ya sauti kubwa na ndogo iliyokufa. Kelele inahitaji jirani aliye kimya ili ionekane kelele. Hasi 9 au hasi 8 inatosha kwa muziki huu, kilele halisi kikiishia desibeli hasi 1. Kama nusu ya wimbo ni ukuta, shusha sehemu ya utulivu kwa desibeli 6 kwa mkono badala ya kupandisha ukuta.

Jalada nalo lipangiwe mapema kuliko watu wanavyofanya. Kolaji ya picha za maiti ya Carcass ilibadilishwa kwenye matoleo ya baadaye, na Ujerumani ilizuia albamu tatu za kwanza za bendi ya Cannibal Corpse. Leo huduma za kusambaza muziki zinaweza kukataa picha ya kidonda ndani ya saa chache, na kalenda yako yote ikasogea. Tuma jalada wiki nne kabla ya tarehe ya kutoka, weka alama ya maudhui ya watu wazima pale inapostahili, na uwe na jalada la pili tayari.

Jukwaani, watu wawili na laptopu wanategemea ukumbi kuliko bendi ya watu watano. Ngoma zote zinatoka kwenye spika za ukumbi, kwa hiyo zikizimika hakuna mdundo hata wa mbali. Peleka ngoma na kelele kwenye njia mbili tofauti, ili fundi aweze kushusha kelele bila kuua kiki. Mwombe asitumie subufa kwa kiki ya kasi, au aikate chini ya hezi 60. Ukumbi wa saruji unashikilia besi sekunde nzima, na kwenye milisekunde 75 hiyo ni kiki 13 zinazoogelea pamoja. Na vaa viziba masikio. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 100 ni salama kwa dakika 15 tu kwa siku, na mazoezi ya kawaida ya bendi huvuka hapo kabla wimbo wa nne haujaisha.